Jambo ya zamani inakugomea? Usiitupe, dawa ipo!

UMEZUNGUKA Kariakoo na jua lote lile, ukavutana bei mpaka ukaondoka na laptopu ya mtumba. Umeiwekea Linux mpya, inakimbia kama daladala ya asubuhi. Sasa unataka kufufua Jambo OpenOffice. Hapo ndo balaa linapoanza!

Kwa wadogo zetu wasioijua, Jambo ilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na IT+46 ya Sweden. Ilikuwa ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, menyu zote kwa Kiswahili. Tena ni programu huria: msimbo wake uko wazi, ruksa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Sasa mbona inagoma? Msimbo ni kitambaa, kompaila ndiye fundi cherehani. Kitambaa hakijaoza, ila fundi wa leo ana masharti mapya. Mfano, msimbo wa OpenOffice umejaa maneno ya "throw" yanayotaja hitilafu zinazoweza kutokea. Lugha ya C++ ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 2017, na kompaila ya GCC toleo la 11, la mwaka 2021, ikaifanya sheria hiyo kuwa ya kawaida. Juu ya hapo, Jambo ni ya enzi za mashine za biti 32, yako ni ya biti 64.

Ufanyeje? Kwanza, usipaniki. Makosa yakimiminika mia mbili, soma la juu kabisa. Mengi yanayofuata ni watoto wake.

Pili, mwambie fundi ashone kwa mtindo wa kizamani: -std=gnu++98. Ongeza -m32, na uweke maktaba za biti 32. Makelele yatapungua, ingawa yanaweza yasiishe.

Tatu, na hii ndiyo kiboko, mjengee chumba chake. Tengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, humo weka Debian 3.1 ya mwaka 2005. Bado imo kwenye ghala la Debian, na ina GCC 3.3, fundi wa rika lake. Utaokoa usiku kadhaa wa kukesha.

Lakini angalizo: usiifungulie mafaili ya watu usiowajua. Matundu yake ya usalama hayazibwi tena. Kwa kazi za kila siku tumia LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka ukoo huohuo, nayo Kiswahili imo.

Utauliza, basi ya nini kuhangaika? Kwa sababu kuna watu walikaa hapahapa Dar wakaitafutia kompyuta maneno ya Kiswahili, menyu baada ya menyu. Programu isiyofunguka haisomwi, na kazi yao inabaki jina tu. Bahati nzuri waliacha msimbo wazi, kwa hiyo ufunguo unao wewe.

Ya kale dhahabu, mshikaji. Jaribu wikiendi hii!