Mjusi wa Kichwa cha Buluu

Jina "mjusi" huchukua wanyama wengi wasiofanana, na katika kuwachanganya huzaliwa hofu isiyo na sababu. Mjusi kafiri ni yule mdogo atembeaye ukutani usiku, akiwinda wadudu penye taa. Kenge ni mkubwa, naye hupenda maji. Huyu ninayemweleza ni wa tatu, aonekanaye mchana juu ya mashina ya miti huku Nyakakika na pande nyingine za Karagwe.

Dume aliyekomaa huwa na kichwa cha buluu ya kung'aa, na doa jeusi mbele ya kila bega. Jike ana rangi ya gome la mti, hata ni vigumu kumtambua mpaka ajongee. Asubuhi huota jua, kwa maana mwili wake hupata joto kutoka nje. Mtu akimkaribia, huzunguka upande wa pili wa shina, kisha huchungulia. Watoto hudhani kwamba atikisapo kichwa anawadhihaki, sivyo. Hiyo ni lugha ya madume, kana kwamba asema, "Mti huu una mwenyewe." Akishindwa au akiogopa, buluu yake hufifia.

Huko Omani yuko jamaa yake wa jangwani, aitwaye kwa Kiarabu dhabb. Huyo hukaa shimoni, mkia wake una miiba, na chakula chake hasa ni majani. Wetu hula sisimizi, mbawakawa na panzi. Jike hushuka chini, hufukua udongo, hutaga mayai na kuyafukia, kisha huyaacha yaanguliwe kwa joto la ardhi.

Wengi husema kwamba aumwaye na mjusi huyu hufa. Neno hili si kweli, kwa kuwa hana sumu. Akishikwa hufumbua kinywa na kuuma kwa nguvu. Jeraha lake lioshwe kwa maji na sabuni. Lakini mitini hukaa nyoka pia. Basi mtoto aliyeumwa na kitu asichokiona apelekwe hospitali upesi, wala wazazi wasibaki wakibishana kama ni mjusi au siye.

Tena tuwakataze watoto kumpiga mawe. Ampigaye amwua mla wadudu wa shamba, na hofu aliyoirithi humzuia asimjue jirani yake wa kila siku.