Injini ya Gari Angani: Kinachopotea kati ya Silinda na Pangaboi

Katika gereji za Kinondoni na Temeke, viungani mwa Dar es Salaam, injini ya gari iliyokwisha kutumika ni bidhaa ya kawaida. Hushushwa bandarini kutoka Japani, hununuliwa, na pengine siku hiyo hiyo hufungwa katika gari jingine. Haishangazi, basi, kijana mwenye akili ya ufundi akijiuliza: ikiwa injini hii yaweza kuvuta gari la tani moja na abiria wake, kwa nini isiweze kurusha ndege ndogo ya watu wawili?

Swali hilo si la kitoto, wala si geni. Mwaka 1929, huko Minnesota, Marekani, Bernard Pietenpol aliirusha ndege aliyoijenga mwenyewe kwa injini ya gari aina ya Ford Model A. Karibu na kwetu, mwaka 2010, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri nchini Kenya, aliunda ndege yenye pangaboi la mbao lililozungushwa na injini ya gari la Toyota. Ndege ya Pietenpol iliruka; ile ya Nyeri haikupaa. Ndege moja haipaswi kuhukumiwa kwa sababu moja, lakini tofauti ya injini za nyakati hizo mbili yatufunulia kiini cha tatizo zima.

Ford ile ilizunguka polepole. Pangaboi lilifungwa moja kwa moja kwenye shafti ya krenki, na injini ikatoa sehemu kubwa ya nguvu zake pale pale pangaboi linapofanya kazi vizuri. Injini ya leo haiko hivyo. Tuchukue ile ya Toyota IST, gari linaloonekana kila mtaa wa Dar es Salaam. Ina ujazo wa lita 1.5 na hutoa nguvu za farasi 109, lakini huzitoa ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kukokotoa yatakayotokea pangaboi lenye kipenyo cha mita 1.8 likizungushwa kwa kasi hiyo. Mzingo wake ni mita 5.65, mizunguko ni 100 kwa sekunde, ncha zake zitakwenda mita 565 kwa sekunde. Katika joto la nyuzi 28 sauti husafiri mita 348 kwa sekunde. Ncha zilizoipita sauti huzusha mawimbi ya mshtuko, na nguvu nyingi huishia katika kelele badala ya kuivuta ndege.

Fundi atasema: basi tuizungushe polepole, mizunguko 2,500. Ncha zitashuka hadi mita 236 kwa sekunde, na hilo ni jema. Lakini nguvu ya injini ni zao la nguvu ya kuzungusha na kasi ya mzunguko. Kwenye mizunguko 2,500 injini ile ile hutoa nguvu za farasi zipatazo 45 tu. Zaidi ya nusu ya ile injini iliyonunuliwa imebaki ardhini, ingawa uzito wake wote umo ndani ya ndege.

Dawa ni giaboksi ya kupunguza mizunguko kwa uwiano wa 2.4 hivi. Jambo hili ni la kale kama ndege yenyewe. Mwaka 1903 ndugu Wright walitumia minyororo kama ya baiskeli, injini yao ya farasi 12 ikazunguka karibu mara tatu ya mapangaboi yake. Hata hivyo hapa ndipo wajenzi wengi hukwama, maana giaboksi si chuma cha kuongeza tu. Injini ya silinda nne haisukumi shafti kwa ulaini. Kila mzunguko mmoja huipiga mapigo mawili. Katika gari mapigo hayo humezwa na gurudumu zito la krenki, springi za klachi na mipira ya matairi. Katika ndege, upande wa pili kuna pangaboi zito lisilotaka kubadili mwendo wake. Shafti hujipinda na kujipindua kama kitambaa kinachokamuliwa, na mapigo yakioana na mtetemo wake wa asili, meno ya gia huvunjika kwa dakika chache. Mtetemo huo wa msokoto hausikiki kwa sikio. Ni adui wa kimya, na kwa hakika ndio unaostahili kuogopwa kuliko yote.

Kuna pia suala la kazi yenyewe. Gari dogo linalokwenda kilomita 80 kwa saa katika Barabara ya Morogoro huhitaji nguvu za farasi 15 au 20 tu. Katika msongamano wa Mwenge au Tandika huhitaji chache zaidi. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha husafiri kwa robo tatu ya nguvu hizo kwa saa nzima au zaidi. Rejeta iliyolitosha gari haitoshi tena.

Sasa tuje kwenye tabochaja, ambayo mafundi huiita tabo. Ni magurudumu mawili ya mapezi katika mhimili mmoja: la kwanza huzungushwa na moshi wa ekzosi, la pili hukandamiza hewa inayoingia katika silinda. Malori yaendayo Zambia yanayo. Angani faida yake ni kubwa, kwa kuwa katika kimo cha mita 3,000 densiti ya hewa ni kama asilimia 74 ya ile ya pwani, na injini isiyo na tabo hudhoofika kwa kadiri inayokaribia hiyo. Mwaka 1918 Sanford Moss alilithibitisha hilo juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, kwenye kimo cha mita 4,300. Injini iliyotoa farasi 350 kwenye usawa wa bahari ilitoa 230 mlimani. Ilipofungwa tabo ilitoa 356.

Lakini hewa ikikandamizwa hupata joto. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30, ikiongezwa kanieneo mara moja na nusu, hutoka katika tabo ikiwa na nyuzi zaidi ya 80. Bila kuipoza kwanza, petroli huweza kulipuka ovyo katika silinda, na pistoni hutoboka. Ndiyo maana ni busara tabo itumike kurudisha angani kanieneo cha pwani, si kuizidishia injini nguvu ikiwa bado pwani.

Kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilifaulu katika njia hii. Injini yake ya dizeli yenye tabo, iliyotokana na Mercedes-Benz A-Class na kupewa cheti mwaka 2002, ilitoa farasi 135 huku pangaboi likizunguka mara 2,300. Ilichoma mafuta ya ndege za jeti, ambayo Afrika hupatikana kwa urahisi kuliko petroli ya ndege. Hata hivyo giaboksi yake ilipaswa kufunguliwa kila saa 300. Kwa gari la wastani wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni kilomita 12,000 tu.

Tena injini hiyo iliongozwa kwa kompyuta. Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, ndege aina ya DA42 iliruka ikiwa na betri dhaifu. Magurudumu yalipokunjwa, umeme ulishuka kwa nukta chache, kompyuta zikapotewa, na injini zote mbili zikazimika. Magneto za injini za kale za ndege hujizalishia cheche zenyewe, bila betri.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi ya kwanza haihitaji mabawa, wala haijafikia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Injini, giaboksi na pangaboi hufungwa juu ya toroli imara lililozungushiwa uzio, toroli likafungwa kwa kamba kwenye mizani ya kuning'iniza, na watu wote wakakaa mbali na mstari wa pangaboi. Mizani itasoma mvuto kwa kilo. Kisha injini iachwe ifanye kazi kwa robo tatu ya nguvu zake kwa saa moja mfululizo, mchana wa jua la Februari, huku joto la maji na la oili likiandikwa kila dakika tano.