Korongo-nyangumi yupo Malagarasi, watalii wako Mabamba

MSAFIRI anayefika Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, anaweza kushika barabara ya Manyovu au ile ya Kidahwe inayoendelea hadi Uvinza, kwenye Mto Malagarasi. Kuanzia huko kwenda juu ya mto imetanda ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, hekta 3,250,000, ambayo mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania.

Humo anaishi korongo-nyangumi, ndege wa kijivu mwenye kimo kinachozidi mita moja na mdomo mpana mfano wa kiatu. Husimama kimya kwa muda mrefu akimvizia kamongo. Duniani kote wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu.

Hata hivyo, watalii wengi humfuata Uganda, katika kinamasi cha Mabamba chenye hekta 2,424, kando ya Ziwa Victoria. Sababu si wingi wa ndege. Mabamba haiko mbali na uwanja wa ndege wa Entebbe, na wavuvi, ambao zamani walimuua wakiamini ana nuksi, sasa hulipwa kuwatembeza wageni kwa mitumbwi.

Kwa upande wa Malagarasi, Pori la Akiba Moyowosi limezoeleka zaidi kwa uwindaji wa kitalii, na masika njia nyingi hazipitiki. Wakati huo huo ng'ombe, mashamba na moto wa kiangazi vinazidi kuyamega mafunjo.

Wageni wanaoshuka Kigoma aghalabu hupanda boti kwenda kuona sokwe wa Gombe. Barabara ya Kidahwe hawaioni.