Kuwa na Simu ya Upepo Siyo Kuwa na Ruhusa

Mtu akinunua gari, je, anaweza kuliendesha barabarani siku hiyo hiyo? Hawezi. Lazima kwanza ajifunze, apimwe, apewe leseni. Simu ya upepo nayo ni vivyo hivyo.

Redio zetu za nyumbani zinapokea tu. Simu ya upepo inapokea na kupeleka. Wako watu wanaoitumia kwa kujifunza ufundi na kuzungumza na wenzao, bila biashara. Hao ni watu wa redio ya ridhaa.

Kwa mazungumzo ya karibu hutumia mawimbi yanayoitwa VHF. Haya huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Aliye juu ya kilima hapa Ufipa husikika mbali. Lakini mwenzake aliye chini, Bonde la Rukwa, huenda asimsikie kabisa, maana milima imeziba.

Kwa nini leseni? Kwa sababu njia za hewani ni za wote. Huku Afrika, watu wa ridhaa wamegawiwa megahezi 144 hadi 146. Chini yake kidogo, megahezi 118 hadi 137, marubani huzungumza na viwanja vya ndege. Asiyejua akipotea njia, anaweza kumziba rubani anayetaka kutua. Hapo si mchezo tena, ni roho za watu! Tena Mwazye hatuko mbali na Zambia, na mawimbi hayajui mpaka. Ndiyo maana mataifa yamepatana kanuni za pamoja.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Ofisi yao ya kanda iko Mbeya. Mwombaji aonyeshe kwamba kazi anaijua. Akikubaliwa, hupewa jina la kuitia. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z. Lazima alitaje anapozungumza. Haruhusiwi kusema kwa mafumbo ili wengine wasielewe. Yakitokea maafa, anaweza kusaidia kupeleka habari.

Basi, mtu akikuletea simu ya upepo kwa bei rahisi, akasema, "Chukua tu, haina neno," usione haya kumwuliza habari ya leseni. Kwa sheria ya mwaka 2010, kutumia masafa bila leseni ni kosa. Siku ya kukamatwa, yeye hatakuwapo. Andika barua Mbeya kwanza, ungoje jibu. Sisi tuliojifunza kusoma tusitosheke na maneno ya mdomo. Tudai karatasi, tuisome wenyewe.