Uniti ya 76

Kijana wa wakala alikuwa keshaanza kutaja namba pale Bi Mkubwa alipoinua kidole kumsimamisha. Akatoa kwenye mkoba wa ukili daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akavaa miwani iliyoungwa kwa uzi upande mmoja, akafunua kurasa taratibu mpaka akafika alipotaka.

"Haya, nne nne. Na usinikimbize."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, Tandika, jioni moja ya mwisho wa Oktoba, nikisubiri kutoa pesa. Alipomaliza kuandika tarakimu zote 20, kijana akamwambia awahi nyumbani akaziingize, giza linakaribia. Bi Mkubwa akalifunga daftari.

"Hii siingizi. Hii ni ya Januari."

Nimenunua LUKU miaka mingi. Nimeingiza tokeni kwa mwanga wa simu, nimekosea tarakimu, nimelaani. Sijawahi kumwona mtu akinunua umeme na kuuweka akiba kwenye daftari. Pesa yangu niliacha kuitoa. Nilimwamkia, nikajieleza kuwa ni mwandishi, nikamwomba nimbebee mkoba. Alinitazama juu hadi chini, akanipa mfuko wa mkaa.

Ana miaka 67. Mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa na ameomba nimwite hivyohivyo. Anaishi na wajukuu watatu kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mumewe. Kaya yake ni ya walengwa wa TASAF, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na ruzuku inaingia kila baada ya miezi miwili. Juu ya hiyo kuna vitumbua vya asubuhi na kile mjukuu mkubwa anachookota kwenye vibarua. Basi.

Nilidhani tutazungumza habari za ruzuku. Tulizungumza habari za daftari mpaka wali ukaiva.

Kila mwezi una ukurasa wake. Kushoto tarehe. Katikati salio la mita, analolisoma kila siku baada ya sala ya isha. Kulia kilichotumika tangu jana. Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanana, sababu. Aliniruhusu ninakili ukurasa wa Septemba. Tarehe 3, uniti 1.4. Tarehe 4, uniti 1.5. Tarehe 5, uniti 2.2, "pasi, sare". Tarehe 9, uniti 0.6, "ulikatika". Tarehe 14, uniti 1.9, "mpira". Tarehe 21, uniti 3.7, na pembeni neno moja tu: "mzazi".

"Mtoto wa mdogo wangu alikuja na kichanga cha siku nne," alinieleza. "Hita ilichemsha maji asubuhi na jioni. Hapo sikugomba. Mzazi hakandwi kwa maji ya baridi."

Ukilisoma daftari lile kwa utulivu unaiona nyumba yote. Unajua lini walikuwa na mgeni, lini feni ilikesha kwa sababu ya joto, lini mtoto aliumwa na taa ikabaki inawaka hadi alfajiri, lini watani wa Kariakoo walicheza na majirani wakajaa sebuleni. Lengo lake ni uniti moja na nusu kwa siku. Siku ikizidi, kesho yake feni inazimwa mapema na televisheni inapumzika. Hakuna anayepigiwa kelele. Namba inaachwa wazi mezani, kila mwenye macho aisome.

Nyuma ya daftari kuna ukurasa mwingine, na huu ndio ulioniweka pale hadi usiku. Una tokeni zilizolala. Kila moja imeandikwa nne nne, mistari mitano ya tarakimu, na juu yake jina la mwezi itakaoamshwa: Januari, Januari, Ramadhani. Ikishaingizwa anaipigia mstari wa kalamu nyekundu. Nilipomuuliza kwa nini asiziingize zote zikae kwenye mita, alicheka.

"Watoto wakiona mita ina mia, mikono inalegea. Wakiona ishirini, wanazima taa wenyewe."

Mchezo huo nusura umtokee puani mwaka 2024. Mita hizi za malipo kabla hutambua kila tokeni kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024, hapa kwetu na kote duniani kwenye mita za mfumo huo. Wateja wakaambiwa wasasishe mita zao kwa kuingiza makundi mawili ya namba kabla ya tokeni yenyewe ya umeme, na tokeni za zamani waziingize kwanza. Mjukuu aliileta habari hiyo kutoka chuoni. Usiku uleule bibi na mjukuu walisimama mbele ya mita na tochi, mmoja akisoma, mwingine akibonyeza, wakaziamsha zote.

"Nikasema kumbe hata namba zinazeeka," aliniambia.

Lakini kwa nini umeme, na si pesa taslimu kwenye kibubu kama watu wengine? Jibu lake lilianza na msiba.

Mumewe alipofariki, nyumba ilijaa watu hadi arobaini. Taa hazikuzimwa, hita haikupoa. Katikati ya mwezi alituma mtoto akanunue umeme wa Sh10,000, akarudi na uniti 23. Alizoea kupata zaidi ya mara tatu ya hizo. "Nikajua kijana wa wakala kanipiga. Nikatoka na eda yangu nikamtuma mtu akamgombeze. Kumbe maskini hana kosa, nimevuka sabini na tano."

Hapa inabidi tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa maisha yote ya daftari lile yamejengwa juu yake. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kuanzia Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, hulipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inakuwa Sh122. Uniti ya 76 inaanzia Sh350. Pamoja na kodi na tozo, Sh427. Uniti ile ile, waya ule ule, taa ile ile, bei mara tatu na nusu. Na anayezoea kuvuka hupelekwa kundi la T1, ambako uniti ni Sh292, yaani kama Sh356 ukishajumlisha makato, kuanzia uniti ya kwanza. Huko Sh10,000 ni uniti 28.

Tangu msiba ule, Bi Mkubwa hununua mara mbili kwa mwezi. Mara ya kwanza Sh7,000. Humo Sh1,500 inakatwa kodi ya jengo, zinazobaki zinampa uniti 45, ndiyo matumizi yenyewe. Mara ya pili Sh3,600, uniti 29 na nusu. Hizo ndizo zinazolala. Jumla haifiki 75.

"Naacha kiupenyo," alisema. "Sitaki tugusane hata bega."

Kibubu alikuwa nacho. Kilivunjwa mara mbili, mara moja na mtoto wake mwenyewe. Upatu alicheza, mshika pesa akahama mtaa. Pesa iliyo ndani ya nyumba, kwa maelezo yake, ina miguu na ina ndugu. Shemeji akija na shida hawezi kuondoka na tarakimu 20, maana haziingii kwenye mita nyingine isipokuwa ya Bi Mkubwa. Na kuna jambo jingine alilolisema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu ukumbini. Kaya inayotathminiwa kuwa imeimarika kiuchumi huhitimu, yaani hutoka kwenye mpango. Anaogopa kuonekana ana akiba.

"Mtu akija kuniandika, ataona nini? Daftari la mahesabu."

Sikumuuliza kama hofu hiyo ina msingi kwenye vigezo. Ninajua ina msingi kwenye barabara yake, ambako kila mtu anamfahamu mtu aliyeondolewa, na kila mtu ana maelezo yake ya kwa nini.

Akiba hiyo anaitoaje? Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Januari hanunui umeme. Anaamsha tokeni mbili, uniti 59, mwezi unapita. Zile Sh10,600 ambazo zingekwenda kwa wakala zinakwenda kwenye sare, madaftari na michango ya shule. Mwezi mgumu kuliko yote kwenye mwaka unapungukiwa na bili moja. Kodi ya jengo tu ndiyo isiyosahau. Ya Januari inamngoja Februari, zinakatwa mbili kwa mpigo, Sh3,000.

Na hiyo kodi nayo ina kisa chake. Sheria inamsamehe mwenye nyumba aliyetimiza miaka 60 kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ila msamaha huombwa. Nyumba hii, na mita yake, vimeandikwa jina la marehemu. Mirathi haijafunguliwa kwa sababu kuna watoto wa mke mwenza, na jambo hilo likiguswa, anasema, litaamsha mengi. Kwa hiyo kila mwezi marehemu anaendelea kulipa kodi, na mjane ndiye anayetoa. Kwa bei ya Sh122, Sh1,500 ni uniti 12. Siku nane za maisha ya nyumba ile.

Nisije nikamfanya mwanamke huyu kuwa mwerevu asiyekosea. Mwenyewe hakunificha. Mwaka jana mjukuu mdogo alipandwa na homa usiku. "Nilikuwa na tokeni nne humu ndani, uniti 118, na sina nauli ya bodaboda. Nililishika hili daftari nikaliona karatasi tupu." Akagonga kwa jirani, fundi cherehani anayelipia umeme wa T1. Fundi alimpa Sh3,000. Kesho yake akaja na pasi yake na furushi la sare za wateja, akanyoosha ukumbini kwa Bi Mkubwa hadi adhuhuri. Wakahesabiana, deni likaisha. Kila mmoja aliona kapata. Kama utaratibu unaruhusu watu kulipana namna hiyo, sikuuliza, na ninakiri sikutaka kujua.

Fundi huyo ndiye aliyenifungua macho upande wa pili. Anapanga kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kila chumba kikitumia uniti 15 tu, theluthi ya matumizi ya Bi Mkubwa, mita inasoma 90. Wote sita wako upande wa bei kubwa, na kila mwisho wa mwezi wanagombana nani ana feni na nani anapiga pasi. Kwa kanuni hiyohiyo, nyumba ya mapumziko ufukweni inayofunguliwa mara mbili kwa mwezi, ikiwashwa taa ya mlinzi tu, inaweza kukaa kwenye Sh122. Bei nafuu iliwekwa kwa ajili ya wanyonge, lakini mita haijui njaa ya mtu. Inajua uniti.

Nilimwuliza Bi Mkubwa kuhusu mkaa, ule mfuko nilioubeba. Maharage ya siku moja, alisema, yanakula mkaa wa Sh1,000. Nikamwambia jiko la umeme la presha linaivisha maharage kwa chini ya nusu uniti, kwa bei yake chini ya Sh61. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza jiko lenyewe linauzwaje. Nilipomtajia, aligeuka kuangalia wali. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Bi Mkubwa ana umeme wa bei rahisi kuliko mkaa wowote wa Tandika, anaununua kila mwezi na kuulaza daftarini, na bado anapuliza jiko.

Kabla sijaaga, alinionyesha ukurasa wa mwisho. Mwandiko si wake, ni wa mjukuu mkubwa. Kijana anataka friji ndogo ya mkopo wauze barafu na maji baridi. Ameandika kwa uangalifu: nyumba uniti 45, friji uniti 30, jumla 75. Amepigia mstari mara mbili.

"Amesoma huyu," Bi Mkubwa alisema, akivua miwani. "Hesabu yake haina kosa. Ila Februari hakuiweka. Februari hapa feni hailali."

Akafunga daftari. Hakuniambia kama amekataa.