Linux Ndani ya Windows: Mgeni Anaposhindwa Kuingia

Mkaazi wa Garsen hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba maji yaliyoingia shambani mwake si lazima yawe yamenyesha kwake. Mto Tana hutoka mbali, katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambako nguvu zake hugeuzwa umeme, ndipo ukashuka nyanda kavu za Garissa na Hola hata kuingia baharini upande wa Kipini. Na mwishoni mwa mwaka 2023, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipokatika kwa mafuriko, aliyetaka kujua safari yake itakuwa lini alikuwa hana budi kuuliza kwanza habari za juu mtoni.

Nimeanza na mto kwa sababu kadhia ninayokusudia kuieleza ina tabia hiyohiyo. Mara kwa mara huletewa kipakatalishi na kijana anayesoma mambo ya kompyuta, aghalabu kipakatalishi cha mtumba ambacho ndicho pekee nyumbani kwao, na maneno yake huwa mamoja: “Mwalimu, Linux imekataa.” Nami nina ada ya kutoigusa Linux yenyewe mpaka niwe nimekwisha kuipekua nyumba ilimokaribishwa, maana katika kadhia nyingi za namna hii mgeni hana hatia, na ila iko kwa mwenyeji.

Kwa asiyejua habari hii, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambao kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland, na ambao leo, bila ya wengi wetu kutambua, ndio unaoiendesha kila simu ya Android inayotumiwa kutuma pesa katika soko la Garsen. Anayetaka kujifunza Linux bila ya kuifuta Windows yake hutumia programu ya kujengea mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni iliyomo ndani ya kompyuta halisi, yenye diski yake na kumbukumbu yake, isiyojua kwamba imo tumboni mwa nyingine. Mashuhuri miongoni mwa programu hizo kwa watu wa mfuko mwepesi ni VirtualBox, iliyotolewa bure mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, kisha ikaangukia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Wataalamu huiita ile kompyuta halisi mwenyeji, na ile ya kubuni mgeni. Nasi Waswahili tunayo bahati hapa, kwa kuwa maneno hayo yametukaa sawasawa pasipo haja ya kuunda istilahi mpya, tofauti na kazi nzito waliyoifanya wenzetu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka wakaitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Mlango wa kwanza wa kuukagua ni prosesa. Tangu mwaka 2005 kwa Intel, na 2006 kwa AMD, prosesa zimetiwa uwezo maalumu wa kubeba mashine pepe, nao huitwa VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD. Lakini vipakatalishi vingi hutoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa. Dalili yake ni dhahiri kwa anayejua kuitazama: ama VirtualBox hulitaja jina la VT-x au AMD-V katika ujumbe wa kukataa, ama katika orodha ya aina za Linux haionekani hata moja ya biti 64. Hapo ndipo kijana hudhani ametafuta nakala ya Linux isiyofaa, akaenda kusaka ya biti 32, ilhali Ubuntu ya mezani, mojawapo ya aina hizo, iliacha kutolewa kwa biti 32 tangu Oktoba 2017. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, utazame upande wa prosesa. Windows yenyewe itakuambia kama uwezo huo umewashwa. Ikiwa umezimwa, izime kompyuta, uiwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Esc kwa kadiri ya mtengenezaji wake, ili uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na humo uutafute na kuuwasha. Katika mashine za AMD huenda ukaandikwa kwa herufi SVM, jambo ambalo limewapoteza wengi.

Pengine uwezo umewashwa na bado mgeni haingii, au anaingia akijikokota kwa saa nzima kabla ya kuonyesha sura yake. Hii ndiyo ila iliyonisumbua kuliko zote, na hata sasa huona kwamba hailaumiwi kwa kadiri inavyostahiki. Windows 10 na Windows 11 zina mtambo wao wenyewe wa mashine pepe, uitwao Hyper-V, nao huwashwa si kwa amri ya mwenye kompyuta tu, bali pia kwa sababu ya mambo mengine yanayoutegemea, kama ule ulinzi wa kuikinga kumbukumbu ya kiini cha Windows, au ile Linux ndogo iitwayo WSL 2. Maadamu mtambo huo u macho, ndio uliokwisha kuushika uwezo wa prosesa, na VirtualBox hubaki mpangaji wa mpangaji. Matoleo ya zamani yalikuwa yakikataa katakata. Matoleo ya sasa hukubali kupitia mlango wa Hyper-V, lakini kwa mwendo wa kobe, na watengenezaji wake, kwa ucheshi ambao mwenye haraka hauoni, wameweka picha ya kobe wa kijani kwenye ukingo wa chini wa dirisha la mashine ili iwe alama ya hali hiyo. Ukimwona kobe huyo, usipoteze siku kuisakinisha Linux upya.

Dawa yake ni kulifungua dirisha la amri la Windows kwa mamlaka ya msimamizi, uandike bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha uizime kompyuta na kuiwasha tena. Na siku utakapotaka kuirudisha hali ya kwanza, uandike auto mahali pa off. Wakati mwingine hulazimu kuuzima na ule ulinzi wa kumbukumbu katika mipangilio ya usalama. Sikushauri kufanya hivyo kwa kompyuta ya ofisi au yenye hesabu za watu, kwa kuwa ulinzi ule haukuwekwa kwa mchezo. Na fauka ya hayo, ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unayo namba ya kuifungulia kabla ya kugusa BIOS au amri hizi, usije ukajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Baada ya nyumba, tazama mzigo. Nakala ya Ubuntu ya mezani ya toleo la 24.04 inakaribia gigabaiti 6, na kwa mtu anayeishusha kwa bando la simu, katika mji ambao umeme hukatika na mnara huzidiwa, safari ya faili hilo ni ndefu kama ya mashua kutoka Hola. Lilipotokea janga la tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilizorota. Faili lililoshushwa kwa hali kama hizo huweza kukosa kipande kidogo tu, na ukubwa wake ukaonekana karibu na sahihi, likakubali hata kuanza, kisha likakwama katikati ya kunakili, au likamwaga kwenye skrini nyeusi mistari ya kulalamika kwamba halisomeki. Ithibati ni rahisi. Kila nakala ya Linux hutangazwa pamoja na alama yake iitwayo SHA256, yenye herufi na tarakimu 64. Nawe katika Windows huandika certutil -hashfile, ukafuatisha jina la faili na neno SHA256, ukalinganisha. Zikihitilafiana kwa herufi moja, faili limeharibika, na hakuna ufundi utakaolitengeneza illa kulishusha tena. Kwa sababu hii nawahimiza wanafunzi wa mahali pamoja washushe nakala moja, waithibitishe, kisha waipitishe kwa flashi mkono kwa mkono, kwani leseni ya Linux inaruhusu jambo hilo. Debian, aina nyingine ya Linux, nayo inayo nakala ndogo isiyofika gigabaiti 1, ingawa hiyo huendelea kuvuta vilivyosalia kutoka mtandaoni wakati wa kusakinishwa, basi asiye na bando asidanganyike na udogo wake.

Kumbukumbu na diski sitazikalia sana. Kipakatalishi chenye gigabaiti 4 za RAM hakiwezi kuwalisha Windows na Ubuntu kwa sahani moja, maana Ubuntu 24.04 peke yake huomba 4; mwenye mashine hiyo achukue aina nyepesi kama Lubuntu, au Debian yenye mandhari ya Xfce. Diski pepe nayo ina hila: humwahidi mgeni gigabaiti 25 hata kama kwa mwenyeji zimebaki 10, na ahadi hiyo huvunjika katikati ya usakinishaji.

Kisha kuna yale yanayodhaniwa kushindwa na kumbe ni kufaulu. Usakinishaji ukiisha na mashine ikawaka tena kwenye ukurasa uleule wa kusakinisha, Linux imekwisha kuingia. Kilichosalia ni kulitoa faili la ISO, yaani ile nakala uliyoishusha, katika kiendeshi cha kubuni cha mashine hiyo. Skrini ikibaki nyeusi baada ya nembo, zima uharakishaji wa picha za 3D na uchague kidhibiti cha picha cha VMSVGA. Na tangu VirtualBox 7, iliyotoka mwaka 2022, programu hiyo hupenda kujisakinishia Linux yenyewe bila ya kukuuliza, ikamwita mtumiaji vboxuser, na mara nyingi mtumiaji huyo hukuta hana mamlaka ya msimamizi, wala dirisha la amri halifunguki. Chagua kuuruka usakinishaji huo wa kujiendesha, uyajibu maswali kwa mkono wako.

Nina ombi moja kwa wanaonijia. Neno “imekataa” halinifikishi popote, kama vile neno “mafuriko” lisivyomwambia dereva aliyesimama njiani Minjila ni daraja lipi lililofunikwa. Bonyeza jina la mashine kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua kumbukumbu za matukio, ulihifadhi lile faili liitwalo VBox.log, na ujumbe ulio kwenye skrini uupige picha kwa simu kabla hujaufunga. Njoo navyo vyote viwili.