Mwosha Naye Huoshwa

Wahenga walinena kwamba mwosha naye huoshwa. Anayewahudumia wafu leo, kesho atahudumiwa na wengine. Kwa hiyo inampasa aifanye kazi hiyo kwa heshima ile ile ambayo yeye mwenyewe angependa kufanyiwa. Methali hii ni ya kwetu, lakini maana yake inaonekana waziwazi katika maisha ya Mmarekani mmoja, Thomas Lynch, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa maziko huko Milford, mji mdogo wa jimbo la Michigan, si mbali na Detroit.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba kuzika watu ni kazi ya kumpatia mtu riziki. Sisi tumezoea kuwa msiba ukitokea, vijana huchimba kaburi, wazee huosha maiti, akina mama huwapikia wafiwa, wala hakuna anayedai ujira. Huko Marekani nako zamani mambo yalikuwa karibu na hayo. Jamaa walimwosha na kumvika marehemu wao nyumbani, na seremala wa mji aliwatengenezea jeneza. Kilichoibadili sana desturi hiyo ni vita.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, vijana wengi waliuawa mbali na makwao. Wazazi walitaka kuwazika wana wao nyumbani, lakini safari ilikuwa ndefu na joto halikungoja. Ndipo Thomas Holmes na wenzake walipojipatia sifa kwa kuingiza dawa katika mishipa ya maiti ili isioze njiani. Mmoja wa watu wa kwanza kuhifadhiwa hivyo alikuwa Kanali Elmer Ellsworth, aliyeuawa mwezi Mei 1861. Wapo walioifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na wapo waliowatoza wafiwa fedha nyingi bila haya, hata mwaka 1865 jeshi likaamuru kwamba wenye kazi hiyo wawe na leseni. Mwaka huo huo maiti ya Rais Abraham Lincoln ilisafirishwa kwa gari moshi kutoka Washington hadi Springfield, safari ya siku 13 hivi, na umati wa watu ukaitazama njiani. Tangu hapo desturi ya kutia maiti dawa ilienea, na polepole maseremala wa miji midogo wakageuka kuwa wasimamizi wa maziko.

Katika ukoo wa Lynch, habari ilianza mwaka 1936. Ndugu wa babu yake, padri kijana, alifariki mbali, huko magharibi ya nchi, naye akarudishwa Michigan kuzikwa. Baba yake Thomas, wakati huo mvulana wa miaka 12, alifuatana na mzazi wake kwenye nyumba ya maziko. Wakubwa walipokuwa wakizungumza, mtoto akatangatanga hadi chumba cha chini, akawaona watu wawili wakimvika padri mavazi yake kwa uangalifu na kumwinua taratibu kumlaza katika jeneza. Hakuogopa. Baadaye aliwaambia wanawe kwamba siku ile ndipo alipoichagua kazi yake. Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka kwanza kwenye bahari ya Pasifiki akiwa askari wa kikosi cha Marines. Alipotoka vitani alisomea kazi aliyoichagua, akaoa, akalea watoto, na baadhi yao wakamfuata katika kazi hiyo.

Thomas, aliyezaliwa mwaka 1948, alihitimu masomo ya kazi hiyo mwaka 1973. Mwaka uliofuata alikwenda Milford kushika nyumba ya maziko ya jamaa yake. Kazi ya namna hiyo haina saa. Simu hulia usiku wa manane, na msimamizi huvaa na kutoka, kama askari aliyeitwa zamu. Huichukua maiti kitandani, huitayarisha, hushughulikia hati ya kifo, hupatana na padri na wachimba kaburi, na huwaongoza wafiwa ambao kwa majonzi hawajui pa kuanzia. Lynch aliandika kwamba kwa mwaka alizika wenzake wa mjini wapatao 200. Mtu huyo hawaziki wageni. Anawazika jirani zake.

Kazi hii haikukosa lawama. Mwaka 1963 mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu kilichowashutumu wasimamizi wa maziko wa Marekani kwa kuwauzia wafiwa majeneza ya fahari na huduma zisizohitajika. Kuanzia mwaka 1984 sheria iliwalazimu kuonyesha bei ya kila kitu mbalimbali, ili mfiwa achague atakacho na kukataa asichokitaka. Lynch, ambaye pia ni mshairi, alijibu lawama hizo katika kitabu chake kiitwacho *The Undertaking*, kilichotoka mwaka 1997. Hoja yake ni kwamba marehemu hana haja tena na chochote. Wenye haja ni walio hai. Thamani ya maziko haimo katika bei ya jeneza. Imo katika kumsindikiza maiti kwa miguu yetu hadi mwisho wa safari, na kulishika sepetu kwa mikono yetu.

Jambo hilo hakulisema kwa kalamu tu. Baba yake alipofariki akiwa huko Florida, mbali na nyumbani, ingekuwa rahisi kuwaachia wenyeji kazi yote. Thomas na ndugu yake walisafiri hadi huko, wakaingia chumbani, na kwa mikono yao wenyewe wakamtayarisha mzee aliyewafundisha kazi, kisha wakamrudisha kwao. Yule mtoto aliyechungulia mlangoni mwaka 1936 sasa yeye ndiye aliyelazwa mezani. Mwosha akaoshwa, na walioosha ni wanawe.

Askari na polisi wanajua maana ya kumrudisha mwenzao nyumbani, na jamaa zao wanajua uchungu wa kungoja. Miji yetu inakua, na huduma za maziko za kulipia zinaongezeka. Si vibaya kuzitumia, mradi tuulize bei kabla ya kukubali, tena mmoja wetu asiyezidiwa na huzuni ndiye aulize. Lakini kumwosha wetu, kumbeba, na kumtupia udongo ni haki ya jamaa, wala tusiiuze. Tukiwafundisha watoto wetu hayo, nasi siku yetu itakapofika hatutakosa mikono ya kutupokea.